Jua la Kwa Sista

Daftari lilikuwa la shule, lile la kurasa tisini na sita lenye hesabu za kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Tulilikuta wiki mbili baada ya kumzika Tata, ndani ya sanduku lake la bati, chini ya kitabu cha nyimbo na kalenda kuukuu za kanisa zilizofungwa kwa uzi wa katani. Tata ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu. Brian, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyelifungua kwanza. Akapekua kurasa mbili tatu, akaniuliza, "Anti, babu alikuwa anapima nini?" Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili za saa, moja imeandikwa NYUMBANI na nyingine KWA SISTA, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa zile herufi zake zilizosimama wima. Nilicheka mpaka nikakaa kitandani mwake. Nilijua alikuwa akipima jua. Sikujua kwamba alikuwa ameyatunza yale maandishi miaka yote hiyo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa tamthilia, na sioni haya. Nimefundisha shule miaka thelathini, lakini ukinikuta na walimu wenzangu wa zamani hatuzungumzii mitaala, tunabishana kama yule mke mkubwa wa kwenye mfululizo wa Jumanne alistahili kusamehewa. Nina maoni yangu na siyabadilishi ovyo. Naona muziki ukianza kabla mtu hajafungua mlango, mwongozaji amekosa imani na mwigizaji wake. Naona mgonjwa mahututi hawezi kuwa na nyusi zilizochongwa. Naona mahali popote ambapo watu wanaishi bila kupika, bila kufua, bila kutafuta kiatu cha pili, hapo hakuna hadithi, kuna nguo tu. Brian hunionyesha vile vipindi vya vijana wa Nairobi wanavyoweka mtandaoni, dakika kumi kumi, Sheng tupu, na vingine navipenda kweli kwa sababu vyumba vyao ni vidogo na sufuria zao zimeungua chini. Ugomvi wangu naye ni mmoja tu. Anakaa Jumapili moja anamaliza vipindi vyote kumi na viwili, halafu Jumatatu hakumbuki jina la mtu hata mmoja. Mimi nakumbuka hadithi niliyoitazama mwaka mmoja tu, miaka ya tisini, na kila wiki niliondoka kabla haijaisha.

Ulikuwa mwaka niliomaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani Sironga kungoja kuitwa chuo cha ualimu. Kabla ya hapo televisheni niliijua kupitia dirisha la duka la vitambaa mjini Kisii, la familia moja ya Kihindi. Mama mwenye duka aliweka kanda za filamu za kwao nyuma ya kaunta, akatuacha tusimame mradi tusiegemee kioo. Alituambia kwamba wimbo ukianza ndio wakati wa kwenda kunywa maji. Nilimkatalia moyoni, maana niliona wimbo ndio mahali pekee ambapo watu wale waliambiana ukweli. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa maoni yangu ya kwanza. Kisha, mwaka huo wa kungoja, Sista akarudi kijijini.

Sista hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, Mkatoliki, na cheo cha wodini kilimganda mpaka mlimani. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya mwinuko unaotazama upande wa ziwa, nasi tulikuwa chini bondeni, upande wa pili. Sebuleni mwake palinuka dawa ya kuulia viini na ndizi mbivu. Viti vilivishwa vitambaa vya kushona kwa mkono, na juu ya kabati ilikaa televisheni ya inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe, ikinywa moto kutoka kwa betri ya gari iliyowekwa ndani ya beseni. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu wa mkaratusi uani. Nilikuwa nikimpelekea maziwa kila siku, na Jumapili nilimsaidia kupukuchua mahindi. Hapo ndipo aliponisimulia habari za Mama wa Barua.

Jina lenyewe la tamthilia lilikuwa la kigeni, hakuna aliyelitamka sawa, kwa hiyo tuliipa letu. Ilikuwa hadithi kutoka nchi za mbali, imewekewa sauti za Kiingereza, midomo ikienda huku na maneno kule. Mama mmoja alinyang'anywa binti yake mchanga na jamaa za mumewe, wakampeleka ng'ambo ya bahari. Miaka ishirini mama anamwandikia barua. Barua zinafika, lakini shangazi wa mtoto anazifungia kwenye mtoto wa meza, zote, zimefungwa kwa kamba, na binti anakua akiamini mama yake hakuwahi kumtafuta. Ndiyo hiyo tu. Sista alinisimulia huku vidole vyake vikipukuchua, nami nikaacha kupukuchua kabisa. Nikamuuliza kwa nini shangazi hakuzichoma. Akaniangalia kwa heshima mpya. "Hilo ndilo swali," akasema. "Mtu akificha kitu bila kukichoma, anataka nini?" Nilirudi nyumbani na swali hilo, nikalala nalo, nikachuma chai nalo. Nilitaka kuona ile nyumba yenye ile meza kwa macho yangu.

Shida ni kwamba kipindi kilionyeshwa Ijumaa jioni, kuanzia saa kumi na mbili na robo hadi saa moja kasorobo. Sisi ni Wasabato, na Tata alikuwa mzee wa kanisa. Ijumaa ndiyo siku ya maandalio. Kufikia saa kumi na moja nilitakiwa niwe nimepiga pasi ya makaa, nimepaka viatu rangi, na mboga yetu ya chinsaga iwe imekwisha kuiva polepole kwenye maziwa, tayari kwa kesho yake, kwa sababu Sabato haiwashiwi moto. Kwetu Sabato iliingia jua lilipotoweka uani. Kwa kuwa mwinuko wa Sista ulikuwa magharibi yetu, jua lilijificha nyuma yake mapema, saa kumi na mbili kamili au hata kabla. Tata akivua kofia yake, akisimama mlangoni, tunaimba. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Mimi niliuliza kwa bahati tu. Ijumaa moja maziwa yalichelewa, nikapanda kwa Sista mbiombio. Nilipofika uani kwake niligeuka kutazama chini. Bonde letu lilikuwa limeshaingia kivuli, paa letu la bati limepoteza mng'ao, na nilijua dakika hiyo Tata amevua kofia. Lakini mimi nilisimama juani. Jua lilikuwa usoni mwangu, kubwa, upande wa ziwa, halina haraka. Nilikaa pale nikiwa na kibuyu mkononi. Chini ilikuwa Sabato na huku juu bado Ijumaa.

Nilingoja mpaka Jumapili ndipo nikathubutu. Tata alikuwa anakarabati mpini wa jembe. Nikamwambia, "Tata, Sabato inaingia wakati gani kwa mtu aliye kwa Sista?"

"Jua likizama."

"Na kwake linazama baada ya letu."

Aliendelea kukwangua mpini. Nilidhani amenipuuza. Kisha akasema, "Baada kwa kiasi gani?" Nikasema sijui. Akaniambia, "Basi usiseme kitu usichokijua." Ijumaa iliyofuata akavaa koti la kanisa, akachukua daftari na ile saa ya mkononi aliyozawadiwa na kwaya, akaniambia nimfuate. Watu hudhani Tata alikuwa mtu wa sheria. Alikuwa mtu wa kutaka kujua, na sheria ndiyo shamba alilopewa kulimia hamu hiyo. Alisimama mlangoni kwa Sista, uso nje, akangoja. Jua lilizama saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Akaandika. Kwenye kalenda ya kanisa akakuta saa iliyochapishwa inakaribiana sana na ile ya mlimani. Yetu ya bondeni ndiyo ilikuwa ya haraka. Tulipofika chini akasema, "Baba yangu alituanzisha mapema. Si dhambi kuanza mapema. Lakini wewe ukiwa kule juu, ni Ijumaa mpaka jua lizame. Mimi nitakuwepo kuliangalia."

Hivyo ndivyo nilivyopata kibali. Mama alitikisa kichwa, akasema nimemgeuza mzee wa watu kuwa mlinzi wa jua. Kila Ijumaa nilimaliza kazi zangu kwa fujo, tukapanda. Mimi nilikaa kwenye mkeka mbele ya kabati. Tata alisimama mlangoni, mgongo kwa televisheni, macho kwa jua. Sista alikuwa na tabia ya kutafsiri kila neno kwa Kigusii, kwa sauti ya wodini, akidai anamtafsiria paka. Kwa hiyo Tata alisikia yote. Mgongo wake niliusoma kuliko nilivyoisoma skrini. Shangazi akidanganya, mabega yalipanda. Mama wa Barua akibandika stempu nyingine, Tata alikohoa. Siku moja binti alimwambia mwenzake kwamba hana mama, na Tata, bila kugeuka, akasema, "Mtoto huyu angeuliza tu." Sista akamjibu, "Angemuuliza nani, Mzee, na shangazi ndiye anayejibu?" Tata akatazama saa. Kisha dakika ya arobaini na moja ikafika, akasema, "Jua limezama," nami nikainuka. Dakika za mwisho sikuziona hata mara moja. Sista alinisimulia Jumapili, nami kwa kujua hivyo nilitumia Sabato nzima kubuni mambo yanavyoweza kuwa. Nilibuni vibaya karibu kila mara. Hiyo ndiyo shule niliyosoma mwaka ule, na mpaka leo nikitazama kitu chochote nakisimamisha kabla ya mwisho, najiuliza mimi ningekimaliza vipi. Brian anasema ni ugonjwa.

Lakini watu wana macho. Siku moja wazee watatu wa baraza la kanisa walikuja nyumbani, nami nikawa jikoni nikiwachemshia chai, ukuta kati yetu ukiwa wa mbao tu. Mzee Onsongo, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda mambo yanyooke, ndiye aliyeanza. "Tunasikia unaonekana kwa yule mama Mkatoliki kila Ijumaa jua likizama."

"Kabla halijazama," Tata akasema. "Nakwenda kulipima."

"Na televisheni?"

"Iko nyuma yangu."

Mmoja alicheka, akajidai anakohoa. Mzee Onsongo hakucheka. Alisema washiriki wananong'ona, na mzee wa kanisa hawezi kuwa wa kunong'onwa. Wakabishana kuhusu mabonde na milima, kuhusu Wasabato wa Nyansiongo kwenye tambarare ambako jua halina pa kujificha. Mwishowe Tata mwenyewe ndiye aliyeweka kamba shingoni mwake. Nilimsikia wazi. "Nikikutwa mle dakika moja baada ya jua kuzama, msinijadili. Nitaleta funguo mwenyewe." Nilimwaga chai kwenye sahani. Funguo zile za kanisa alikuwa nazo tangu nikiwa mtoto, zilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake, na watu wengi walimjua kwa mlio wake kabla hawajamwona. Nilitaka kwenda kumwambia basi, tuache, ni picha tu. Sikwenda. Nilitaka mno kujua kama binti atazisoma zile barua, na najilaumu mpaka leo kwamba nilinyamaza.

Kipindi cha mwisho kilikuja msimu wa mvua. Mchana kutwa ilinyesha, na tulipopanda njia ilikuwa tope tupu na upande wa ziwa wote umefungwa na mawingu mazito. Hapakuwa na jua la kuangalia. Tata alisimama mlangoni vilevile, akiinua mkono kutazama saa. Ndani shangazi alikuwa amekufa, na nyusi zake, niwakumbushe, zilikuwa zimechongwa. Binti anazunguka nyumba tupu. Dakika zikaenda kwenye vyumba visivyo na maana, kabati, ngazi, dirisha, mpaka nikataka kuirukia skrini. Kisha akasimama mbele ya ile meza. Akavuta mtoto wa meza, umekwama. Akavuta tena. Ukafunguka. Sista aliacha kutafsiri, paka awepo asiwepo. Binti akatoa kile kifurushi, akautazama mwandiko, akakaa sakafuni nacho mapajani, akaanza kuvuta kamba. Kamba ilikuwa imekaza. Akatumia meno.

"Jua limezama," Tata akasema.

Sikuinuka. "Tata, kuna mawingu. Huwezi kuliona."

"Saa ninayo, na kalenda nimeisoma. Inuka, Kemunto."

"Mzee, imebaki kidogo tu," Sista akasema, na sauti yake haikuwa ya wodini.

"Sabato njema, Sista."

Niliinuka. Nilipita karibu naye pale mlangoni bila kumtazama, na njia nzima ya kuteremka nilimchukia, nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wote. Hapakuwa na mtu wa kumwona wala jua la kumshtaki. Mama alikuwa amewasha taa, tukaimba, tukala chinsaga, na mimi meno yangu yote yakiwa kwenye ile kamba. Jumapili Sista alinisimulia mwisho. Binti alifungua barua moja tu, ya juu. Akaisoma. Akazifunga zingine tena kwa kamba ileile, akaziweka kwenye mkoba, akaenda bandarini kukata tiketi ya meli. Basi. Hata kukutana hatukuonyeshwa. Nilikasirika siku nyingi. Nilimwambia Sista mwandishi ni mvivu, barua mia kadhaa halafu anasoma moja. Sista akasema moja iliyosomwa yote inatosha kumwinua mtu sakafuni. Nilikataa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Wiki hiyohiyo Tata alipeleka funguo kwa Mzee Onsongo. Alisema magoti yake hayamudu tena kufungua kanisa alfajiri. Hakuna aliyembishia. Mimi nilidhani wamemchosha kwa maneno, nikawa na hasira na baraza pia, kwa kuwa hasira zilikuwepo za kutosha. Hakuwahi kuniuliza hadithi iliishaje. Nami sikumwambia, nikiamini kwamba hakujali. Barua ya chuo ikaja, nikaondoka.

Mwaka jana alipougua nilikuja kukaa naye. Jioni moja nilikuwa namnywesha uji, Brian pembeni na simu yake, mtu fulani kwenye simu analia kwa ufundi mbovu. Tata akageuza kichwa kwenye mto. "Yule binti," akasema, "alizisoma zile barua?"

Niliweka kikombe chini. Zaidi ya miaka thelathini. Nikafungua mdomo, naye akanyoosha kidole dirishani. Ilikuwa Ijumaa. Uani kulikuwa na kivuli. "Kesho," akasema. "Jua likishazama."

Niliogopa usiku ule kuliko usiku mwingine wowote, nikimsikiliza anavyopumua. Lakini Jumamosi ilifika, ikaisha, na tulipokwisha kufunga Sabato akaniambia nikae karibu. Nikamsimulia, kamba, meno, barua ya juu, mkoba, meli. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema, kwa masikitiko ya kweli, "Moja tu? Mimi ningezisoma zote." Nikamwambia mimi pia nilisema hivyo zamani, lakini siku hizi naona moja inatosha. "Haitoshi," akasema. Tukabishana mpaka uji ukapoa. Yalikuwa mabishano matamu kuliko yote niliyowahi kufanya na mtu, na niliumia kwamba tulikuwa tumeyachelewesha hivyo.

Sasa Brian alikuwa amefika ukurasa wa mwisho wenye maandishi. "Hapa mbona kuna saa mbili tofauti upande wa Sista?" akauliza. Nikamnyang'anya daftari. Ilikuwa ile Ijumaa ya mvua. Herufi ni zilezile, zimesimama wima. *Mawingu. Jua limezama 12.41. Nimesema 12.43.* Chini yake hakuwa ameandika kitu kingine, na kurasa zilizobaki zote zilikuwa tupu.

Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi tangu siku hiyo. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja binti alikuwa bado anazunguka vyumbani. Kusimama mbele ya meza, kuvuta kilichokwama, kutoa kifurushi, kukaa sakafuni, kuuma kamba, yote niliyoyaona ya mwisho ule yamo ndani ya dakika mbili zile. Tata alinipa dakika hizo, akazilipia kwa funguo, akaniacha nimchukie njia nzima hadi chini. Brian alikuwa bado ananingoja nimjibu. Nikamwambia azime simu, akae, maana ilianza na mama mmoja aliyenyang'anywa binti yake.